Namna ya Kuandaa Chumba cha Kunyonyeshea Mahali pa Kazi

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, ilhali mtoto hutakiwa kunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi 6. Miezi 3 inayosalia humkuta mama kazini, na ndiyo maana kifungu cha 71 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinamtaka kila mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea na kukamulia maziwa.

Anza na mahali. Sheria inakataza chumba hicho kiwe chooni, na ni haki, kwa kuwa kinachokamuliwa humo ni chakula cha mtoto. Hata stoo iliyosafishwa inafaa, mradi ipitishe hewa na mlango uwe na komeo la ndani. Weka kiti chenye egemeo, meza ndogo, soketi ya pampu, mahali pa kunawia mikono na friji. Kwenye friji usibane matumizi: maziwa yaliyokamuliwa hukaa takriban saa 4 katika joto la nyuzi 25, nalo joto la mchana Mombasa hupita hapo, lakini katika friji ya nyuzi 4 hukaa hadi siku 4. Kila chupa iandikwe jina, tarehe na saa. Matangazo ya maziwa ya kopo yasiingie humo, sheria imeyazuia.

Ugumu hasa uko kwenye muda. Kifungu cha 72 cha Sheria hiyo ya Afya kinampa mama mapumziko yasiyozidi saa 1 kwa kila saa 8 za kazi, mbali na muda wa chakula, na safari ya kwenda na kurudi chumbani imo ndani ya saa hiyo; kwa hiyo chumba kikiwa mbali kinamla muda wake. Akikosa kukamua kwa saa nyingi, matiti hujaa na kuuma, yanaweza kupata uvimbe wenye homa, na maziwa hupungua. Katika kiwanda cha nguo, ambako mshonaji mmoja akiinuka wenzake hukwama, zungumza naye kabla hajarejea kutoka likizo, mkubaliane saa zake, kisha msimamizi ateue mapema mtu wa kushika mashine yake. Wiki ya kwanza ikiisha, muulize faraghani kama aliyeteuliwa alikuwa akifika kwa wakati.