Kabla Hujavaa Glavu, Angalia Kinachozunguka

Usianze na duka. Zunguka kwanza mahali unapofanyia kazi, uandike kinachoweza kukudhuru: kinachoanguka, kinachoruka, kinachokata, kinachovutwa puani, kinachopenya ngozi, kinachopiga kelele. Halafu jiulize kama hatari hiyo inaweza kuondolewa kabisa au kuwekewa kizuizi. Vifaa vya kinga vinakuja mwisho, kwa sababu haviondoi hatari yoyote. Vinakaa tu kati yake na mwili wako, na vikishindwa hakuna kingine cha kukukinga.

Buti ziwe na chuma mbele na soli isiyoteleza. Zijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi za kazi ukiwa umezivaa.

Helmeti iliyowahi kupigwa na kitu kizito itupwe, hata kama huoni ufa. Usiitoboe, usiipake rangi ovyo, usiiache juani nyuma ya kioo cha gari. Jua huichosha plastiki. Geuza ndani utakuta tarehe ya kutengenezwa. Na mikanda ya ndani usiing'oe kwa sababu inakuwasha kichwa, kwani hiyo ndiyo inayopokea kishindo. Bila mikanda hiyo umejifunika bakuli.

Miwani ya kusomea si kinga ya macho. Ukitumia grainda, ngao ya uso huvaliwa juu ya miwani ya kinga, si badala yake, maana vipande hupita hata chini ya kidevu.

Kelele ikikulazimisha kupaza sauti kwa mtu aliye umbali wa mkono, ziba masikio. Kiwango kinachotajwa sana ni desibeli 85 kwa zamu ya saa 8. Vile vizibo vya sponji viringishe viwe vyembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, ingiza, shikilia mpaka vijae. Vikining'inia nje nusu nzima, hujavaa kitu.

Sasa glavu. Hapa nisikilize.

Nilikuwa natoboa kipande kidogo cha chuma kwenye dirili ya kusimama. Karakana ilikuwa na bango mlangoni: hakuna kuingia bila glavu. Nami nilikuwa na glavu mpya za ngozi, nene, nikajiona nimekamilika. Kwa kuwa mikono ilikuwa imekingwa, sikuona haja ya kukibana kile kipande kwenye jiliwa, nilikishika tu. Vumbi la chuma likarundikana karibu na biti, nikanyoosha kidole nilifute. Ncha ya glavu ikanaswa. Kidole kitupu labda kingechunika, kikatoka na damu yake. Glavu haikuchanika. Ilijisokota kwenye biti na kuuvuta mkono wangu pamoja nayo, na aliyeniokoa ni mwenzangu aliyekuwa karibu na swichi. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia hakikunjiki tena hadi leo. Kwenye ripoti msimamizi aliandika kwamba mfanyakazi alikuwa amevaa vifaa vyote vinavyotakiwa. Na ni kweli, nilikuwa nimevaa.

Kwa hiyo: kwenye dirili ya kusimama, mashine ya kukereza na chochote chenye mhimili au biti inayozunguka wazi, vua glavu. Funga mikono ya ovaroli, vua mkufu, funga nywele, bana kazi kwenye jiliwa. Vumbi la chuma lifutwe kwa brashi, mashine ikiwa imesimama. Glavu zako utazivaa ukibeba mabati yenye makali. Na kama bango la mlangoni linasema vingine, mwambie msimamizi abadilishe bango.

Kwa kemikali mambo yanageuka: glavu ni lazima, ila si glavu yoyote. Mnamo Agosti 1996 Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya dimethili zebaki, kimiminika chenye sumu kali mno, juu ya glavu ya mpira wa lateksi. Alikuwa amefuata tahadhari zilizojulikana wakati huo. Sumu hiyo ilimuua Juni 1997. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba kemikali hiyo hupenya glavu za aina ile kwa sekunde tu. Wewe hutashika kemikali hiyo, lakini thina na asidi zako nazo zina glavu zinazozipitisha na zinazozizuia. Omba karatasi ya usalama ya bidhaa, fungua sehemu ya 8, usome glavu ya malighafi gani inafaa. Asiyekupa karatasi hiyo, usimnunulie.

Barakoa ya vumbi huzuia vumbi. Mvuke wa rangi unapita humo bila kubisha hodi. Unahitaji katriji ya mkaa maalumu, ambayo nayo hujaa na kuisha kazi. Ndevu zinaharibu mbano. Na hakuna kichujio kinachotengeneza oksijeni: usiingie tangini au shimoni kwa sababu tu una barakoa ya bei kubwa. Hewa ipimwe kwanza.

Juu ya jukwaa, mkanda wa mwili mzima, na hesabu ya nafasi iliyo chini yako. Kamba ya mita 1.8, kifyonza-mshtuko kinachofunguka, urefu wako mwenyewe na akiba kidogo: inazidi mita 5. Ukifanya kazi mita 4 juu, utafika chini kabla kamba haijakusimamisha.

Jaribu vyote kwa pamoja, si kimoja kimoja, maana miwani huinua vizibo vya masikio vya kuvaa kichwani na barakoa hutia ukungu kwenye miwani. Mtu akivua vifaa kila mara, muulize kinambana wapi kabla hujamfokea. Mwembamba asipewe ovaroli ya mnene. Vizibo vya sponji haviazimwi. Kagua mishono ya mkanda kila asubuhi, hata kama jana ulikagua. Pete iache nyumbani, na saa pia.