Viazi lishe, kuanzia marando hadi sahani ya mtoto: mwongozo kwa kaya za Kanda ya Ziwa

Huku kwetu Mwanza, Geita, Shinyanga na Simiyu hakuna wa kumfundisha mwenzake kuwa viazi vitamu ni chakula. Michembe na matobolwa, yaani viazi vilivyokatwa na kukaushwa, tumevila tangu utotoni. Shida ni kwamba viazi vyetu vingi ni vyeupe ndani, na kiazi cheupe kinashibisha lakini karibu hakina vitamini A. Mtoto anayeikosa vitamini hiyo huugua sana akipata kuhara au surua, na hali ikizidi huanza kutoona vizuri giza likiingia. Kiazi lishe, kile cha rangi ya chungwa ndani, kinalimwa kwa jembe lilelile na kwenye tuta lilelile. Gramu 125 zilizochemshwa, yaani kiazi kimoja kidogo chenye rangi iliyokolea, zinatosheleza mahitaji ya vitamini A ya siku nzima kwa mtoto mdogo.

Nimefanya kazi ya ugani na vikundi vya akina mama, na jambo linalovikwamisha ni lilelile kila mahali. Marando, yaani mashina ya viazi ya kupandia, yanaletwa, watu wanapanda, wanavuna, wanafurahi. Kiangazi kinaingia, marando yanakauka, na msimu unaofuata kijiji kizima kimerudi kwenye viazi vyeupe. Kwa hiyo humu nitakaa sana kwenye mbegu.

Hatua ya 1: Tenga eneo la chakula kabla ya eneo la kuuza

Kaeni baba na mama mkubaliane mapema. Pima mita 10 kwa 10 karibu na nyumbani, na iwe wazi kwa wote kwamba viazi vya hapo havipakiwi kwenye gunia la mchuuzi. Eneo hilo linachukua vipando 330 hivi, na likitunzwa kawaida linatoa kama kilo 100. Usilipande lote siku moja. Ligawe mara tatu, upishanishe wiki tatu au nne, ili viazi visikomae kwa mkupuo. Kaya zinazoruka hatua hii huishia kuuza shamba zima likiwa bado ardhini, kwa bei ya shida, na mtoto hajaonja hata kiazi kimoja.

Hatua ya 2: Chagua aina na utafute marando safi

Aina utakazozisikia zaidi ni Kabode na Ejumula, zilizotoka Uganda, pamoja na Mataya na Kiegea, zilizotolewa na watafiti wetu hapa Tanzania. Ejumula ikipikwa ni ya unga, si ya majimaji, na watu wazima wanaipenda sana, ila inaelemewa haraka na virusi. Kabode inavumilia zaidi, na kwa anayeanza mimi humshauri aanze nayo. (Mtafiti wake, Robert Mwanga wa Uganda, alikuwa mmoja wa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016. Wengine ni Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis.)

Ulizia TARI Ukiriguru, kituo cha utafiti wa kilimo, au muulize afisa ugani wa kata ni mkulima gani aliyesajiliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, kuzalisha marando. Ukichukua kwa jirani, nenda ukaone shamba lake kwanza. Majani yaliyojikunja, yaliyodumaa, yenye manjano kati ya mishipa, hayo ni ya virusi vinavyoenezwa na vidukari na nzi weupe. Hakuna dawa ya kuviponya. Shina kama hilo liache hata kama ni la bure.

Hatua ya 3: Panda

Kata ncha za marando, urefu wa sentimita 30 hivi. Sehemu ya chini karibu na shina kuu iache, kwa sababu ndiko fukusi, mdudu anayetoboa viazi, hupenda kutaga mayai. Weka marando kivulini siku moja au mbili yaanze kutoa mizizi. Panda juu ya tuta, nafasi ya sentimita 30 kati ya mche na mche na mita moja kati ya tuta na tuta, theluthi mbili ya kipando ikiwa chini ya udongo. Usipande palipokuwa na viazi msimu uliopita, wala kando yake.

Palizi ya kwanza usiipitishe wiki ya nne. Baada ya hapo marando yanafunika ardhi yenyewe. Kazi inayobaki ni kupandishia udongo: viazi vikinenepa, tuta hupasuka, na kwenye ule ufa ndimo fukusi anamoingilia. Pita kila baada ya wiki mbili au tatu na uzibe nyufa kwa mguu au kwa jembe. Ni kazi ndogo, na ndiyo inayoamua kama utavuna viazi au uchungu.

Hatua ya 4: Weka alama kwenye mashina ya mbegu

Hili lifanye majani yakiwa bado mabichi, wiki chache kabla ya kuvuna. Pita shambani na vijiti, uchomeke kimoja kwenye kila shina lenye afya kabisa. Siku ya kuvuna majani yakishafyekwa hutaweza tena kujua kiazi kipi kilitoka kwenye shina lenye virusi.

Hatua ya 5: Hifadhi viazi mama kwenye mchanga

Wenye bonde au kisima wanaweza kutunza marando kiangazi chote. Wengi wetu hatuna maji hayo. Njia iliyofanyiwa kazi Uganda na Tanzania ni kuhifadhi viazi vyenyewe badala ya marando.

Chukua viazi 40 hivi kutoka mashina yenye vijiti. Viwe vya wastani au vidogo, visiwe na jeraha la jembe wala tundu la fukusi. Hata tundu dogo kama la sindano, kitupe pembeni, kwa sababu kimoja kitaharibu vyote. Tafuta beseni kubwa la plastiki na mchanga mkavu uliopoa. Mchanga uliotoka kuanikwa juani sasa hivi usiutumie, uache ulale usiku mzima kwanza. Tandika magazeti chini ya beseni, mwaga mchanga, panga viazi visigusane, funika kwa mchanga, panga safu ya pili, na umalizie kwa mchanga. Weka ndani ya nyumba pakavu penye ubaridi, mbali na panya na kuku.

Kila mwezi vitoe vyote uvikague. Kilichooza kitupe. Kilichochipua mapema, vunja machipukizi ukirudishe.

Wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, kwa huku kwetu ni kama Agosti au mwanzoni mwa Septemba, vihamishie kwenye kitalu karibu na nyumba, nusu mita kati ya kimoja na kingine. Zungushia miiba, maana mbuzi wa kiangazi hana huruma. Mwagilia kila baada ya siku tatu au nne, maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi yanafaa. Mvua zikianza utakuwa na marando mabichi wakati wengine wanatafuta. Viazi 40 vikitunzwa vizuri vinaweza kukupa vipando 1,500 hivi, vya kutosha maeneo manne kama lile la hatua ya kwanza.

Hatua ya 6: Vuna na upike

Kabode huwa tayari karibu na miezi minne hadi mitano. Kwa chakula cha nyumbani vuna kidogo kidogo na ufukie unapochimba. Kukawiza mavuno yote ardhini ni kulisha fukusi.

Chemsha na ganda, sufuria ikiwa imefunikwa. Vitamini A ya kiazi inahitaji mafuta ili mwili uifyonze, kwa hiyo karanga za kusaga, parachichi au kijiko cha mafuta visikosekane. Mtoto aliyefikisha miezi 6 mpondee laini, changanya na karanga na unga wa dagaa uliosagwa vizuri, na aendelee kunyonya. Nimeona akina mama wakipika uji mweupe mwepesi mtoto alale, wakati dagaa na viazi vimo humohumo jikoni. Matembele nayo ni mboga nzuri, ila chuma ncha chache kwa kila shina.

Michembe ya viazi lishe inawezekana, lakini kuianika juani siku nyingi na kuiweka ghalani kwa muda mrefu huharibu ile vitamini tunayoitafuta. Kata nyembamba, anika kivulini penye upepo, na uimalize ndani ya miezi miwili. Ikikaa minne imebaki shibe tu.

Hatua ya 7: Uza kilichozidi

Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, imekatazwa kisheria na inakunyonya, kwa hiyo uza kwa kilo, hata kama mnachangia mzani mmoja kikundi kizima. Wauza mandazi nao ni wateja: kikombe kimoja cha viazi lishe vilivyopondwa kwa vikombe viwili vya unga wa ngano kinapunguza gharama ya unga, na andazi linatoka na rangi inayovutia.

Ila fedha ya haraka iko kwenye marando. Mvua zikianza kila mtu anayatafuta siku zilezile, na mwenye kitalu kibichi ndiye anayepanga bei. Kata mashina safi tu, funga mafungu ya vipando 100, na mwambie mnunuzi ni aina gani. Atakurudia mwakani, na atakuja na mwenzake.