Kuipa pikipiki ya safari ndefu sura mpya: vifaa kwanza, rangi mwisho

Wengi hukimbilia rangi kwa sababu rangi ndiyo inayoonekana. Mimi nasema anza na vifaa. Kila fremu ya sanduku na kila taa ya ziada ina bolti zake, na mara nyingi lazima utoboe tundu, ukate plastiki kidogo au usogeze waya. Ukifanya hayo juu ya rangi mpya utaikwaruza, na tundu lililotobolewa baada ya kupaka huacha chuma kitupu ambacho kutu haikiachi. Kwa hiyo funga kila kitu, jaribu barabarani, fungua tena, ndipo upake.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya uzito

Kitabu cha pikipiki hutaja uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa: pikipiki yenyewe, dereva, abiria na mizigo. Toa uzito wa pikipiki ikiwa na mafuta, toa wako na wa abiria. Kinachobaki ndicho cha kugawanya kati ya masanduku, vyuma vya kukinga injini na kila utakachobeba. Vitu vizito vikae chini, karibu na katikati. Sanduku la nyuma ya kiti liachie nguo na vitu vyepesi, kwa sababu uzito ukikaa juu na nyuma ya ekseli, usukani unakuwa mwepesi na pikipiki huanza kuyumba kwenye mwendo mkubwa.

Hatua ya 2: Usukani, kioo, shokapu

Ukiinua usukani, ugeuze hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Mpira wa breki, kebo ya klachi na nyaya zote zibaki zimelegea. Kisha washa injini ikiwa nutro, pikipiki ikiwa imara juu ya stendi, na ugeuze tena. Mngurumo ukipanda wenyewe, kebo ya mafuta inavutwa. Usiipeleke pikipiki barabarani mpaka uweke kebo ndefu zaidi au uipitishe njia nyingine.

Kioo cha kukinga upepo kiishie chini kidogo ya usawa wa macho, uone barabara juu yake hata usiku wa mvua. Shokapu ya nyuma ikaze springi yake ukiwa umeketi na mizigo yote: ikididimia takribani theluthi ya umbali wote inaoweza kubonyea, iko sawa.

Hatua ya 3: Umeme

Hapa hesabu ni ndogo ila haikwepeki. Taa mbili za wati 20 pamoja na vishikio vya kupasha mikono vya wati 36 ni wati 76. Gawanya kwa volti 12, unapata zaidi kidogo ya ampea 6. Fyuzi ya ampea 10 inatosha, ikae karibu kabisa na betri, na waya uwe mnene wa kubeba mzigo huo. Tumia rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) inayowashwa na swichi ya ufunguo, ili taa zisinyonye betri pikipiki ikiwa imezimwa.

Hatua ya 4: Rangi

Sasa fungua upya. Anza na waya hasi wa betri, kisha mwaga mafuta yote na utoe tangi. Tangi lililomwagwa lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Usilisogeze karibu na moto wala cheche, na usilichomelee.

Kazi ya rangi iko kwenye maandalizi. Osha kwa sabuni, kisha futa kwa dawa ya kuondoa grisi *kabla* ya msasa. Ukitanguliza msasa, unaisukuma nta na silikoni ndani ya mikwaruzo, na rangi itajikunja na kuacha vishimo vya mviringo. Rangi ya zamani iliyoshika vizuri haihitaji kung'olewa: isugue kwa msasa wa maji namba 400 mpaka mng'ao wote ufe. Palipo na chuma kitupu weka praima (rangi ya msingi) ya epoksi. Plastiki tupu inataka praima yake maalumu ya kushikisha. Bila hiyo rangi hubanduka vipande vipande.

Paka tabaka jepesi, ngoja dakika 10 hadi 15, rudia mara mbili au tatu. Tabaka moja nene litatiririka. Juu yake weka klia, yaani rangi angavu ya kukinga, ya kuchanganywa na hadina, kemikali ya kuigandisha. Klia ya kopo ya kawaida, isiyo na hadina, hulainika petroli ikimwagikia, na kwenye tangi petroli itamwagika tu.

Hadina hiyo ina isosianeti, kemikali inayoweza kukuachia pumu ya kudumu, tena huwezi kuitegemea pua ikuonye. Barakoa ya vumbi haisaidii chochote. Vaa kifaa cha kupumulia kinacholetewa hewa safi kutoka nje, glavu na miwani. Kama huna, andaa vipande mwenyewe kisha umpe fundi mwenye chumba cha kupakia rangi. Ubora wa kazi yako haupungui kwa hilo.

Hatua ya 5: Kurudisha

Iache klia ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha ongeza siku kadhaa kabla ya kubandika stika au kufunga begi la tangi. Klia ambayo haijakomaa hushika alama. Vumbi lililonasa liondoe kwa msasa wa maji namba 2000, kisha polishi.

Bolti zikaze kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kipimo cha kitabu, na zile za fremu za masanduku zitie gundi ya nati. Baada ya kilomita mia chache za kwanza zikague zote tena, ukianza na za usukani.