Kujua anwani ya IP ya kompyuta yako ukiwa nyumbani

Kabla hujagusa kibodi, jiulize: anwani hii ya IP, yaani namba inayotambulisha kifaa kwenye mtandao, unaitaka ya nini? Wengi ninaowasaidia huja na namba sahihi kwa kazi isiyo yake. Anayetaka kuunganisha printa huleta namba aliyoisoma kwenye tovuti. Anayetaka mwenzake aingie kwenye kompyuta yake kutoka mji mwingine huleta inayoanza na 192.168. Wote hukwama, na kompyuta ndiyo hubebeshwa lawama.

Ukweli ni kwamba nyumbani kuna anwani mbili. Ya ndani, kompyuta hupewa na ruta, kile kifaa kinachounganisha nyumba na intaneti. Ya nje, ruta hupewa na mtoa huduma wa intaneti, na vifaa vyote vya nyumbani huitumia kwa pamoja. Imekuwa hivyo kwa sababu anwani za IPv4 (toleo la zamani la anwani za IP) haziwatoshi watu wote: kwa jumla ni kama bilioni 4.3 tu, na mafungu ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa Februari 2011.

Hatua ya 1: Tafuta anwani ya ndani

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Kwenye dirisha jeusi linalofunguka andika:

ipconfig

Tafuta mstari wa "IPv4 Address", lakini usikimbilie wa kwanza. Programu za VPN (zinazopitisha mawasiliano yako ndani ya njia ya siri), na zile za kuendesha mfumo mwingine ndani ya kompyuta, huongeza kadi zao za mtandao zisizo halisi. Kwa kawaida kadi unayoitafuta ni ile yenye namba mbele ya "Default Gateway". Namba hiyo ni ya ruta. Iandike pembeni, utaihitaji.

Kwenye Mac fungua Terminal, uandike ipconfig getifaddr en0. Isipoleta kitu, jaribu en1. Kwenye Linux andika ip -4 addr, usome penye neno inet. Iache 127.0.0.1, hapo kompyuta inajiita yenyewe.

Hatua ya 2: Isome namba uliyoipata

Ikianza na 10, na 192.168, au na 172 ikifuatiwa na 16 hadi 31, mambo ni shwari. Hizo zilitengwa kwa mitandao ya ndani, na ndiyo maana jirani yako anaweza kuwa na 192.168.1.5 kama wewe bila kugongana.

Ikianza na 169.254, simama hapo. Kompyuta iliomba anwani, haikujibiwa, ikajipangia yenyewe. Kagua kebo au unganisha Wi-Fi upya, kisha uzime ruta kwa nusu dakika na kuiwasha. Kwenye Windows malizia na ipconfig /release, halafu ipconfig /renew.

Namba ndefu yenye herufi na nukta pacha ni IPv6, toleo jipya la anwani za IP. Inayoanza na fe80 haivuki mtandao wako wa ndani.

Hatua ya 3: Tafuta anwani ya nje

Zima VPN kwanza, la sivyo utasomewa anwani ya VPN. Kisha, kwenye dirisha lile lile, andika:

curl -4 ifconfig.me

Hatua ya 4: Ilinganishe na ya ruta

Hatua hii watu huiruka, nami huiona ya maana kuliko zote kwa yeyote anayetaka kufikiwa kutoka nje. Fungua kivinjari, andika namba ya Default Gateway, uingie kwa neno la siri la ruta. Mara nyingi limeandikwa kwenye kibandiko chini yake. Tafuta ukurasa wa hali ya WAN (upande wa ruta unaoelekea intaneti) au Internet, usome anwani iliyopo.

Ikiwa ni ile ile uliyoipata katika hatua ya 3, unaweza kufungua poti (mlango wa kupitishia mawasiliano kutoka nje) na ikafanya kazi. Ikiwa ni tofauti, hasa ikiwa kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, kwa kawaida mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Niliwahi kumaliza jioni nzima nikifungua poti kwenye ruta ya rafiki kabla ya kuutazama ukurasa huu, na kila mpangilio wangu ulikuwa sahihi. Hapo hakuna la kurekebisha kwenye ruta. Muombe mtoa huduma akupe anwani ya nje ya peke yako, au tumia VPN inayounganisha kompyuta zote mbili.

Kama ulichohitaji ni anwani ya ndani tu, kwa ajili ya printa au kamera, kumbuka kwamba ruta huweza kuibadilisha. Ukiwa bado kwenye kurasa za ruta, ingia sehemu ya DHCP (inayogawa anwani za ndani), kichague kifaa chako kwenye orodha, ukihifadhie namba yake.