Mtutu wa mifereji kwenye peintiboli: kabla hujatoa hela jaribu hivi

Kila Jumapili tukimaliza peintiboli, ule mchezo wa kupigana goroli za rangi, tukivua maski, jasho linatiririka mpaka kwenye viatu, lazima atokee mtu aniulize, eti nikiagiza mtutu wenye mifereji ndani ya kuizungusha goroli, kama ya bunduki ya raifo, si ndo goroli zangu zitanyooka? Jibu ni hapana, usiagize, na nasema hivyo kwa sababu mi nilishaagiza. Ulikaa njiani wiki sita, ushuru juu, alafu siku ya kwanza tu nikamkosa shemeji yangu aliyekuwa kasimama nyuma ya tairi kichwa chote nje anacheka.

Kwanza fanya hivi ukiwa nyumbani. Mkamate yule jamaa wa mayai ya kuchemsha anayepita na kachumbari yake, nunua moja ila usilimenye, alafu chukua bichi moja dukani kwa Mangi. Weka yote kwenye sinia uyazungushe kwa vidole. La kuchemsha linazunguka kama pia, bichi linajivuta tu kama limelazimishwa. Sasa lizungushe tena bichi, lisimamishe kwa kidole sekunde moja uachie, utaona linaanza kuzunguka tena lenyewe, maana ganda lilisimama ila ute wa ndani ulikuwa bado unakwenda.

Goroli ya rangi ndo hilo yai bichi. Ganda lake ni jelatini, lilelile la vidonge vya mafuta ya samaki, na ndani kuna uji wa rangi. Inakaa ndani ya mtutu chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde, kwa hiyo hata mifereji ikifanikiwa kulizungusha ganda, ule uji unabaki nyuma na unalivuta ganda lirudi lilikotoka. Na mara nyingi hata ganda lenyewe haling'ati mifereji vizuri, ukilibana mpaka ling'ate linapasuka.

Utaniambia mbona raifo zinalenga. Risasi ya raifo ni ndefu na ina pua, ikizunguka pua inabaki mbele. Goroli ni duara, pua iko wapi? Ni kweli zamani kulikuwa na raifo za risasi za duara na mifereji ilisaidia, ila zile zilikuwa madini ya risasi matupu, nzito, zimefungwa kitambaa zikakaza kabisa ndani ya mtutu. Hapa tunaongelea kitu cha gramu kama 3 kinachotikisika ndani. Mifereji ikibaki na nafasi upepo unapita pembeni, na goroli ikipasukia humo utasugua mpaka uchoke.

Kuna mzunguko mwingine watu wanauchanganya na huu. Tippmann walitoa mtutu wa Flatline, umepinda kidogo na ndani una ukwaruzo unaoizungusha goroli kwa nyuma, kama mpira wa miguu ukiupiga kwa chini, unaelea. Huo unakupa umbali, haukupi shabaha. Ukitaka mzunguko wa kweli kuna goroli za First Strike, nusu duara nusu mkia wenye mapezi, mapezi yenyewe ndo yanazizungusha, hata kwenye mtutu laini, usio na mifereji, zinaenda. Shida ni bei, na haziingii kwenye hopa ya kawaida, kile chombo cha juu kinachodondosha goroli, mara nyingi unahitaji maka (bunduki yenyewe ya peintiboli) ya magazini.

Sasa hela yako iende wapi? Kwenye goroli kuenea mtutu, hapo ndo kwenye utamu wote. Chomoa mtutu kwenye maka, ufute mpaka ukauke, dumbukiza goroli kwa upande wa nyuma. Ikipita moja kwa moja ikadondoka, mtutu ni mpana. Ikigoma mpaka uisukume kwa kidole, ni mwembamba. Unataka ikae, alafu ukipuliza kwa mdomo itoke. Mitutu inapishana kuanzia kama 0.679 mpaka 0.693 za inchi, ndo maana wanauza seti zenye vipande vya ndani vya kubadilisha, na seti kama hiyo ndo ningenunua ningekuwa na akili siku ile.

Na hapa Dar usipime asubuhi ukaona umemaliza. Jelatini inakunywa unyevu hewani, unafungua boksi saa tatu goroli ziko safi, ikifika saa nane zimevimba, laini, nyingine zimekuwa na umbo la yai (mayai tena!), na goroli ya umbo la yai hakuna mtutu duniani utakaoinyoosha. Chota za mechi moja moja, zilizobaki funga kwenye ndoo yenye mfuniko, kivulini, sio kwenye buti la gari na sio kwenye friji, friji inazifanya ziwe kavu kama chipsi na zikitoka zinatoa jasho. Kila ukirudi kupumzika pima upya kwa kupuliza.

Kingine ni spidi. Pitisha goroli 10 kwenye krono, kile kipima spidi, uone zinavyopishana, viwanja vingi mwisho ni futi 280 au 300 kwa sekunde. Zikipishana sana, moja itaenda juu nyingine chini hata ukilenga palepale. Kama unatumia gesi ya CO2 kusukuma goroli jua kwamba mgandamizo unapanda mtungi ukipata joto, na jua letu unalijua, maka uliyoipima asubuhi mchana inapiga zaidi. Mtungi wa hewa wenye regyuleta, ya kushikilia mgandamizo usipande, umetulia.

Ukiwa bado unang'ang'ania mifereji, azima kwa mtu kwanza. Bana maka kwenye meza isicheze, tundika shuka kuukuu mita 20, maski usoni hata kama ni majaribio tu. Piga 10 na mtutu laini, 10 na wa mifereji, goroli za boksi moja, alafu rudia tena kwa kubadilishana usije ukalaumu upepo. Mitutu yote miwili iwe na upana mmoja, la sivyo unapima upana sio mifereji, na hapo ndo wengi wanaosema "wangu unalenga" wanapojidanganya. Tumia futi kamba kupima kila doa liko mbali kiasi gani na katikati.

Mi nilitumia shuka mbili, na mwandiko wangu wa kalamu ya maka peni ukafutika kwa jasho kabla sijafika nyumbani. Nimezitandaza sebuleni, mpaka leo sijui ipi ni ya mtutu upi.