Namna ya Kujadili Mshahara wa Nafasi Mpya Kazini

Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, taasisi zinazokusanya taarifa za watu zinatakiwa kuwa na afisa wa kuzilinda, na si ajabu jukumu hilo kukabidhiwa mtumishi wa TEHAMA au wa rasilimali watu aliyemo tayari, pasipo nyongeza yoyote. Kwa kuwa hakuna aliyewahi kuishika nafasi hiyo, hakuna mshahara wa kurithi, na mwajiri asiyeonyeshwa uzito wa kazi huichukulia kuwa nyepesi.

Kwa hiyo, kabla ya kutaja kiasi chochote, andika majukumu yenyewe kwenye ukurasa mmoja: kushughulikia usajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kupitia mikataba na makampuni yanayotunza kumbukumbu za wateja, kupokea malalamiko, kufundisha wafanyakazi, na kuchukua hatua taarifa zinapovuja. Mbele ya kila jukumu weka makadirio ya saa kwa wiki, kisha ongeza kazi zako za sasa. Saa za kawaida kisheria hazizidi 45 kwa wiki; jumla ikipita hapo, muulize mwajiri ni kazi gani itahamishiwa kwa mwingine.

Baada ya hapo tafuta nafasi za kulinganisha humo humo ofisini, kama vile mkaguzi wa ndani au afisa sheria, ambao nao hubeba dhamana ya taasisi mbele ya vyombo vya serikali. Naamini ulinganisho huu una nguvu kuliko tetesi za mishahara ya kampuni nyingine, kwa sababu mwajiri hawezi kuukana muundo wake mwenyewe.

Hesabu ndiyo sehemu inayowaumiza wengi. Chukua mtu anayepandishwa kutoka shilingi 1,200,000 hadi 1,500,000 kabla ya makato. Katika nyongeza hiyo ya 300,000, mchango wake wa NSSF wa asilimia 10 ni 30,000, na kodi ya PAYE ya asilimia 30 kwa kiasi kinachobaki ni 81,000. Mkononi zinaingia 189,000. Akiwa bado anadaiwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara wa msingi hukatwa pia, yaani 45,000 nyingine, naye anabaki na 144,000. Taja daima kiasi cha kabla ya makato, na uombe kiingie kwenye mshahara wa msingi badala ya posho, maana malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo hukokotolewa kutokana na mshahara wa msingi.

Katika kikao, sema kwa heshima na bila kuzunguka: "Mkurugenzi, nimeyapitia majukumu haya na naona yanalingana na ngazi ya afisa sheria, ningeomba mshahara uwekwe katika ngazi hiyo." Kisha nyamaza umpe nafasi ya kujibu. Akisema bajeti ya mwaka imeshafungwa, omba posho ya muda na tarehe kamili ya kuupitia upya mshahara, vyote viandikwe kwenye barua ya uteuzi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri arekebishe maelezo ya ajira kwa kushauriana nawe na kukujulisha kwa maandishi yanapobadilika, hivyo kuidai barua hiyo kabla ya kuanza majukumu si utovu wa nidhamu.