SOMO: Sinia la mchanga litakuonyesha nani kachimba Marafa, na nani kachimba Mars

Salaam jamani. Juzi nilikuwa Marafa tena, kule kwenye makorongo ya mchanga bara ya Malindi, nimesimama pale ukingoni jua linazama, ile mistari ya mchanga mweupe na mwekundu imewaka kama makaa, kijana mmoja kando yangu akauliza, haya yote kayachimba nani? Wagiriama wanapaita Nyari, palipovunjika penyewe, na hadithi ya wale matajiri waliokuwa wakioga maziwa wakaadhibiwa tushaisikia sote. Hadithi naipenda sana, lakini lile swali unaweza kulijibu uani kwenu kwa mikono yako, na jibu lenyewe linafika mpaka sayari nyingine, ndo maana nimekaa kuandika hapa.

Tafuta sinia kubwa la pilau, mchanga wa pwani, udongo mwekundu kidogo, kokoto chache, kopo lililotobolewa kitundu kimoja kwa msumari, na kipepeo cha jikoni.

Hatua ya 1. Changanya mchanga, udongo na kokoto, lowesha kidogo, shindilia kwenye sinia ila upande mmoja uache mtupu. Ule wenye mchanga uinue kwa kipande cha tofali.

Hatua ya 2. Shika kopo juu ya mchanga, maji yadondoke taratibu, usiwe na pupa. Mwanzo yanatambaa tu, alafu yanapata kamfereji, kamfereji kanapata wenzake, vyote vinaungana kama matawi yanavyokuja kwenye shina. Angalia ukingo, unaliwa kwa chini mpaka kipande kizima kinaporomoka. Hapo ushaiona Marafa. Mchanga wake laini hauna cha kuushikilia, kila mvua kubwa ikinyesha genge linarudi nyuma, na zile nguzo zimebaki kwa sababu hapo palikuwa pagumu kidogo kuliko pembeni.

Hatua ya 3, na hii usiiruke. Watu wengi wanatazama shimo wanausahau mzigo, yaani mchanga na kokoto zilizobebwa na maji, kumbe mzigo ndo ushahidi. Tazama maji yanapofika sehemu tupu, kasi inakwisha, yanatua kokoto kwanza, kisha mchanga, tope ndo la mwisho, na vyote vinatandazika kama kipepeo kilichofunguliwa. Hiyo ni delta. Sasa kule kwenye sayari ya Mars (Mirihi) kuna kreta, yaani shimo kubwa la mviringo lililochimbwa na kimondo, inaitwa Jezero, upana wake kama kilomita 45, na ndani yake kuna delta kavu ya namna hiyohiyo, kwa hiyo chombo cha Perseverance kikapelekwa kutua humo tarehe 18 Februari 2021. Kabla yake, mwaka 2012, chombo kingine cha hukohuko, Curiosity, kilipiga picha kokoto za mviringo ndani ya kreta ya Gale, kubwa mno kubebwa na upepo, wanasayansi wakakadiria hapo palipita kijito cha kufika kifundo cha mguu mpaka nyonga. Kokoto tu! Jiwe likivunjika linakuwa na kingo kali, likiviringishwa na maji linalainika, mtoto yeyote wa pwani anajua hilo kwa nyayo zake.

Hatua ya 4, sasa zamu ya upepo. Mwaga mchanga mkavu, weka jiwe katikati, pepea chini chini upande mmoja. Vitatokea vijikunjo, na mkia wa mchanga nyuma ya jiwe. Alafu lowesha, pepea tena. Mchanga hautoki.

MASWALI YA WANACHAMA

Wa Shela: Kwani hivi vilima vyetu vya mchanga vinahama? Na majani yake yana kazi gani?
Jibu: Pasipo na majani vinahama, na majani ndo yanafanya ile kazi ya maji kwenye hatua ya 4, yanaushika mchanga. Ndugu zangu wa Lamu hapa nawaomba kabisa, vilima hivyo ndo vinanywa mvua na kuweka maji matamu ya visima vinavyolisha mji. Mkivichota au mkivijengea, mmegusa maji ya kunywa.

Wa Mambrui: Mars hewa yake nyepesi, upepo wa kupeperusha mchanga unatoka wapi?
Jibu: Swali zuri shekhe. Kanieneo ya hewa kule, yaani jinsi hewa inavyokandamiza, haifiki asilimia 1 ya yetu, kwa hiyo kuing'oa chembe kunataka upepo mkali kwelikweli. Lakini ikishang'oka inaruka mbali, maana mvutano wa Mars ni kama asilimia 38 ya wetu. Picha za kutoka angani zimeonyesha vilima vya kule vinasogea mpaka leo.

Wa Malindi mjini: Na lile korongo kubwa la Valles Marineris, ni mto?
Jibu: La, si kila korongo ni la maji. Lile lina urefu wa kilomita 4,000 hivi, na kwa sehemu kubwa ni ganda la sayari lilipasuka, alafu maporomoko yakapanua kuta. Ndo maana nasisitiza mtafute matawi na mzigo kwanza.

Mvuvi: Mto Sabaki ukija mwekundu bahari yote inachafuka, je ni hayohayo?
Jibu: Hayohayo. Ule ni udongo wa mashamba ya bara, unashuka na mto Athi, ambao mbele unaitwa Galana kisha Sabaki, unatuliwa kwetu. Ufuo wa Malindi umesogea baharini kwa sababu yake, na wakati wa kaskazi tope linateremka upande wa mji na matumbawe yanafunikwa. Inaniuma, kwa sababu yule mkulima kapoteza shamba na wewe umepoteza samaki.

Mwanafunzi: Lazima yawe maji?
Jibu: Si lazima. Titan, mwezi wa Zohali, una mito ya methani, gesi iliyogeuka kimiminika kwa baridi, baridi yake karibu nyuzi 180 chini ya sifuri. Chombo cha Huygens kilitua tarehe 14 Januari 2005 kikakuta mawe ya mviringo, na hayo mawe ni barafu.

Mwalimu, Lamu: Nimejaribu na darasa, maji yamechimba mfereji mmoja tu, matawi hakuna.
Jibu: Tofali limesimama juu sana mwalimu, au tundu ni kubwa. Lilaze, kisha badala ya tundu moja toboa vitundu vingi vidogo vya sindano ili inyeshe kama mvua, na mchanga uwe na udongo zaidi. Subiri dakika kumi bila kuligusa sinia.